Shajara ya mradi wa embe: siku ya tisa, madebe matano

Kabla hakujapambazuka

Hesabu ya jana usiku: chupa 23 za jemu kabatini, chupa 6 za achari ambazo Mama hajaruhusu ziguswe, na kopo moja la embe kavu. Yalikuwa makopo mawili hadi watoto walipojua yalipofichwa. Lengo tuliloandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni ni chupa 60 na kilo 4 za embe kavu kabla shule hazijafunguliwa. Siku nane zimeshakwenda. Mwembe dodo ulio nyuma ya jiko hauna habari na chaki yetu. Usiku kucha nilizisikia zikianguka, na moja ilitua juu ya bati la banda la kuku, jogoo akawika saa nane akidhani kumekucha.

Kwa asiyejua tulipoanzia: tuko Muheza, mkoani Tanga. Ukimwambia mtu unatoka huku, la kwanza atakuuliza machungwa. Michungwa ipo miwili, lakini uani kwetu mwenye mji ni mwembe. Tuna dodo mmoja, bolibo mmoja, na wa kienyeji alioupanda marehemu baba mkwe, mkubwa hadi kivuli chake kinafika kwa jirani na ugomvi wa majani makavu nao unafika. Mwezi wa kumi na mbili zinaiva kwa pamoja, na sokoni nazo zimejaa, ukifika na debe lako muuzaji anakutazama kama umempelekea maji mtoni. Mwaka jana tulizika nyingi kuliko tulizokula. Nilipoziona nzi wamezizingira shimoni nikamwambia baba watoto, mwakani haturudii haya. Ndiyo huo mwakani.

Saa kumi na mbili: kuangua

Baba watoto kashika upembo, kijana wetu mkubwa yuko juu mtini na kiroba kiunoni, binti anadaka kwa shuka kuukuu. Tumekubaliana embe ikatwe na kikonyo chake, kisha ilazwe kwenye majani kikonyo kikiangalia chini ili utomvu utoke wote nje. Utomvu ukitiririka kwenye ganda, kesho yake lina doa jeusi. Ukigusa ngozi, unaunguza.

Mziwanda wetu (miaka sita, na masikio ya mapambo) aliokota dodo mbichi, akaing'ata upande wa kikonyo bila kuosha. Kilio. Mama alimwosha kwa sabuni na maji mengi, akampaka mafuta ya nazi, akamwambia, "Mjukuu wangu, embe hailiwi kwa pupa, embe inabembelezwa." Kufikia saa nne midomo ilikuwa imevimba kama ya perege, naye ameshasahau, anatuonyesha kwenye kioo kwa fahari.

Tulipata madebe matano. Kwa mizani ya kuazima ya mwenye duka zilikuwa kilo 61, ukiacha za kuzika.

Kuchambua ni kazi ya Mama. Ananusa penye kikonyo, anabonyeza kwa dole gumba, anatupa huku au kule bila kufikiri. Zilizokomaa lakini bado kijani zinakwenda kwenye achari, zilizoanza kuiva na bado ni ngumu ni za kukausha, laini ni za jemu. Nilichojifunza wiki ya kwanza kwa hasara ni kwamba dodo haistahili kuishia kwenye jemu. Nyama yake haina nyuzi, ndiyo inayokatika vipande safi vya kukausha. Ile ya kienyeji yenye nyuzi hadi kwenye meno, ambayo hakuna anayeitaka mezani, ukiipitisha kwenye chekecheo inatoa rojo lenye harufu inayofika barabarani. Nusu ya jemu yetu ya mwanzo niliipika kwa dodo, ikatoka tamu na isiyo na harufu. Watoto hawakuona tofauti. Mimi naiona kila nikifungua kabati.

Kuhusu zile za kuzika

Zilizoanguka na kutoboka tunazizika. Si kwa sababu ya uvundo tu. Nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda la embe inayoiva, funza wanakula humo ndani, embe ikianguka wanatoka, wanaingia ardhini na kugeuka nzi wapya. Ukiiacha ilale chini ya mti unawafugia watoto wao. Huyu mharibifu zaidi ni mgeni aliyetoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mama anasema zamani funza kwenye embe alikuwepo ila si wa namna hii, nami namwamini, maana embe amezila miaka 70.

Shimo letu linafika juu ya goti la baba watoto, na tunafukia udongo wa kutosha juu yake, si kutandaza majani. Jirani yetu yeye anazirusha tu uzioni kwake. Nimemweleza mara mbili. Mara ya tatu nitampelekea jemu kwanza, ndipo nimweleze.

Saa mbili na nusu: kaushio

Kaushio letu ni boksi la mbao lenye miguu, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu lina nailoni inayopitisha mwanga, pembeni matundu ya hewa. Linachukua chaga nne. Jana saa saba mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 58, ndiyo joto tunalolitaka: embe inakauka bila kupikika.

Hapa niseme habari ya chandarua, maana ilitugombanisha siku mbili. Baba watoto alikuwa ameshakata chandarua cha zamani ili afunike matundu na kutandika chaga. Nikamwambia chandarua kile kimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa ile si ya kulalia chakula. Akasema kimefuliwa mara ngapi. Nikasema hata kingefuliwa mara mia. Akanuna. Asubuhi yake niliamka nikakuta ameenda mjini kununua mita nne za shashi, hakusema neno, nami sikusema neno. Ndiyo maana chaga zetu ni nyeupe zinang'aa, na mbu wa chumbani kwa watoto wana mlango wazi mpaka tununue kingine.

Chaga za Alhamisi zimeshakauka. Kipande kikiwa tayari kinakunjika kama ngozi, ukikichana hakitoi unyevu. Kilo 5 za vipande vibichi zimetoa gramu 850, baada ya kodi ya watoto. Chaga moja ya Jumatatu, ambayo sikuiandika hapa kwa aibu, ilishika ukungu ikatupwa: nilipanga vipande vikilaliana kwa kutaka kumaliza, na siku ile kulikuwa na mawingu. Leo nimevikata unene wa penseli, nimevichovya kwenye maji ya ndimu visigeuke rangi, nikavipanga kimoja kimoja, hakuna kinachomgusa mwenzake. Kilo 6. Mgongo unajua.

Saa nne: achari, na konzi ya Mama

Nyungo tatu za Mama ziko juani. Embe mbichi alizikata na ganda lake, akazitia chumvi na manjano, zikalala, maji yake yakamwagwa, kisha jua. Nyungo mbili zina siku ya tatu na zimefika pale anapopataka, "zimenyauka, hazijakauka." Ya tatu ni ya jana.

Mimi kila kitu nakiandika kwa gramu. Yeye anachota. Leo nimefanya utundu: nimeweka bakuli juu ya mizani nikamwomba atilie chumvi humo kwanza "ili isimwagike." Konzi ya kwanza gramu 62, ya pili 60, ya tatu 63. Nikanyamaza. Akaniuliza, "Mwanangu, mizani yako inasemaje?" Nikasema mizani inasema Mama yuko sawa. Akacheka hadi akakaa kwenye kibao cha mbuzi.

Kwa kumbukumbu yangu, siku nitakapoifanya mwenyewe: pilipili kavu zilizosagwa, vitunguu saumu vilivyopondwa, tangawizi, mbegu za haradali na uwatu zilizokaangwa kidogo, siki, sukari kidogo, na mafuta yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Mafuta yafunike embe zote, kisiwepo kipande kinachochungulia. Na chupa iwe kavu kabisa, tone la maji ni adui. Tumejaza chupa 5.

Vifuniko vya achari nimeviwekea alama ya rangi nyekundu. Kifuniko kikishakaa na achari, hata ukichemshe na magadi, jemu itakayofuata itanukia kitunguu saumu. Mwalimu mwenzangu niliyemgawia chupa ya siku ya pili alikuwa na adabu sana kulisema hilo.

Saa sita: jemu, mkupuo wa kwanza

Umeme ulikatika saa tano na robo, blenda ikiwa katikati ya kazi. Si hasara kubwa, nyuzi za embe ya kienyeji zilikuwa zimeshajisokota kwenye visu vyake kama uzi kwenye cherehani. Binti na kijana wakahamia kwenye chekecheo na mwiko, wakibadilishana, na aliyepumzika akimhesabia mwenzake. Wamepata kilo 6 za rojo.

Napika kilo 3 kwa mara. Nilijaribu kilo 6 kwenye sufuria moja siku ya tatu: ilichemka saa mbili nzima, ikawa kahawia na ladha ikawa ya peremende. Sufuria pana, moto mkali, muda mfupi. Kwa kilo 3 za rojo natia sukari kilo 2 na robo na maji ya ndimu 6. Ndimu si ya ladha tu. Embe iliyoiva sana uchachu wake umepungua, na jemu isiyo na uchachu haigandi vizuri wala haidumu chupani kwa usalama. Mwaka juzi niliidharau ndimu nikapata sharubati nzito, tukaitilia kwenye uji hadi Ramadhani.

Kwa kawaida kisahani cha kupimia kama jemu imeshika nakiweka kwenye friji. Leo friji imelala. Mama akanionyesha: kielee juu ya maji ya mtungi, na mtungi uwe kivulini. Nimedondosha tone, nimesubiri, nimelisukuma kwa kidole likakunjamana. Tayari. Nikaengua povu, povu likaenda kwa mwenye midomo ya perege, nikajaza chupa zikiwa bado za moto kutoka kwenye maji yaliyochemka. Kisha chupa zenyewe zikarudi kwenye maji yanayochemka dakika kumi, kitambaa kikiwa kimetandikwa ndani ya sufuria, chini ya chupa. Bila kitambaa zinagongana na kitako kinapasuka. Zimetoka chupa 9, rangi ya jua la saa kumi na mbili jioni. Nimejisifu, najua, lakini ziko mezani na kila anayepita anazitazama.

Saa nane na dakika kadhaa: mkupuo wa pili

Nitaandika ilivyokuwa.

Wifi yangu alikuwa njiani kutoka Dar tangu alfajiri. Mkupuo wa pili ulikuwa umeanza kuwa mzito, ukirusha matone yanayounguza mikono, binti anakoroga na kitambaa kimefungwa mkononi. Bodaboda ikapiga honi getini. Mama akainuka. Watoto wakakimbia. Binti akaniambia "Mama shika mwiko," nami nikasema nakuja, nikaenda kumpokea mgeni kwanza, maana mgeni haachwi getini na mizigo. Na mizigo yenyewe ilikuwa chupa! Wifi alikuwa amekusanya chupa tupu ofisini kwao tangu mwezi wa nane, 34, kila moja imefungwa gazeti. Nilimkumbatia kuliko nilivyomkumbatia siku ya harusi yangu. Tukaanza kuzihesabu palepale barazani.

Harufu ndiyo iliyotuita.

Baba watoto anasema kosa ni la binti aliyeacha mwiko. Binti anasema aliniachia mimi. Lakini dakika tano kabla ya hapo mimi ndiye niliyeongeza mkaa jikoni ili tumalize upesi, na hilo hakuna aliyeliona ila mimi, basi naliandika hapa.

Usikwangue. Hilo nililikumbuka kwa bahati. Niliipua, nikamimina ya juu taratibu kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini, nikaionja. Ina moshi kwa mbali, si uchungu. Zimepatikana chupa 5 badala ya 9. Wifi kapaka yake kwenye chapati akasema kule mjini jemu ya moshi watu wangeilipia zaidi. Sijui kama ni kweli au ni uwifi mwema. Sufuria imelowekwa na majivu, itakaa hadi keshokutwa.

Saa tisa: mvua

Vuli ya mwaka huu haikuaga vizuri. Kulikuwa na jua, kisha upepo mmoja wa baridi kutoka upande wa milima ya Usambara, kisha kijana akapiga kelele "Nyungo!" Tulikuwa watu saba na kila mmoja alikimbilia kitu chake. Mama alikimbilia ungo wa achari, wifi akaokoa nguo kambani na viatu vyake vya safari, mimi nikashikilia nailoni ya kaushio isipeperuke, na mziwanda, Mungu ambariki, akaokoa kuku mmoja ambaye hakuwa na shida yoyote.

Kaushio lilihimili. Ungo wa jana ulilowa, kwa kuwa ulikuwa umewekwa juu ya bati la banda na hakuna aliyefika kwa wakati. Nilidhani umekwenda. Mama akauchuja, akavionja vipande viwili, akasema, "Hii haitakuwa achari tena. Lete sukari." Alivichemsha na siki, sukari, tangawizi, pilipili na zabibu kavu chache alizokuwa amezifungia pilau, hadi ikashikana. Imetoka chatne, chupa 3. Sikuwahi kumwona akiipika miaka yote hii. Nilipomuuliza alijifunza wapi, akasema, "Kwani mvua imeanza kunyesha leo?"

Baada ya Magharibi

Umeme umerudi. Tumekula wali na maharage ya nazi, na achari ya mwaka jana ambayo imebaki kidole kimoja chini ya chupa. Wifi na Mama wako barazani wanamaliza habari za watu. Baba watoto anachora kaushio la pili nyuma ya bahasha, kubwa zaidi, na tayari ameniuliza kama shashi ileile inafaa. Nimesema inafaa sana.

Mziwanda aliiba kipande cha embe kavu, akakivuta kwa meno kama anavyovuta kamba, na jino la mbele lililokuwa likilegea tangu wiki iliyopita likatoka pamoja nacho. Kimya kidogo, akiamua kama alie. Kisha mbio nje kulirusha juu ya paa, gizani, kaka yake akimmulikia tochi. Jino tumelipata. Kipande cha embe alikila.

Hesabu, kwa chaki na hapa:

Jemu 14 za leo, tano kati yake za moshi. Achari 5. Chatne 3. Jumla tangu mwanzo chupa 51. Embe kavu kilo 1 na nusu na kidogo, ikiwa kopo la kabatini bado lina kile ninachodhani kinacho, na kilo 6 mbichi ziko kwenye chaga zinasubiri jua la kesho. Kwa embe kavu tumechelewa, nalo kaushio la pili kwa kasi ya fundi wetu litakuwa tayari embe zikiwa zimekwisha.

Vifuniko vinapoa. Vile vyenye kitufe katikati vinabonyea chini na kulia "tik," ndiyo kusema chupa imejifunga, na watoto wamelala chini ya meza wakivihesabu. Kumi na moja hadi sasa. Vitatu vimegoma, vyote vya zamani vyenye kutu ukingoni. Chupa hizo zinaingia kwenye friji na zitaliwa kwanza, na moja ya moshi nimeitenga kwa ajili ya jirani wa uzioni.

Kesho: mkaa, sukari kilo 5, kurudisha mizani, chandarua kipya. Debe moja la bolibo bado halijachambuliwa, na mbili zimeanguka sasa hivi.